Salamu kwa Daktari wa Meno

Harufu ya karafuu bado hunitia kichefuchefu. Masika yale nilipokuwa darasa la tatu, mama alinijaza karafuu iliyosagwa kwenye gego lililooza, na chini yake usaha ukaendelea kuchacha, hata nikipumua nilijinusa mwenyewe na kujichukia. Ukungu ulikuwa umelala juu ya mashamba ya chai, na kijiji chetu cha upande wa Bumbuli kilinuka moshi na matope. Shavu lilivimba, taya likakaza, nikawa nanyweshwa uji kwa pembe ya mdomo. Ndipo mjumbe wa nyumba kumi akapita akitangaza kwamba daktari wa meno wa serikali angefika zahanati kwa siku moja tu, kuwang'oa watoto meno mabovu bure. Mama alisema Uhuru umetukumbuka.

Tulipanga foleni tangu alfajiri, tukitema mate kwenye ndoo moja ambayo hakuna aliyeimwaga. "Huyu kaficha andazi shavuni," mwanamke mmoja alisema, na foleni nzima ikacheka. Zamu yangu ilipofika, daktari alikuwa ameketi na shati jeupe lililopigwa pasi, koleo mkononi, akiningoja. Niliinamisha kichwa tu.

"Watoto wa huku hawaamkii wakubwa?"

"Ndugu daktari, hawezi kufungua kinywa," mama alisema.

"Hawezi, au hamkumfundisha? Aniamkie kwanza, la sivyo awapishe wenzake."

Mgonjwa haulizwi uji, lakini mimi niliulizwa shikamoo. Mama akanifinya begani. Nikalisukuma neno lile kwa nguvu zangu zote, jipu likapasuka, na usaha wa moto, wenye uvundo wa panya aliyefia darini, ukanijaa kinywani na kumrukia daktari kifuani. "Marahaba," alisema, akijifuta. "Limeshapasuka. Akasukutue kwa maji ya chumvi. Anayefuata." Mama akamwomba radhi kwa ajili ya shati. Jioni Landrova ya daktari iliteremka mlimani, na jino langu bovu likabaki palepale.

Usaha ulirudi kabla maharage hayajakomaa, ukala taya, na magego mawili yaliyopakana na lile bovu yakaondoka pamoja nalo. Siku hizi rafiki zangu husifu miaka ile: matibabu ya bure, watoto wenye adabu. Juzi nilimpeleka mwanangu hospitali ya wilaya. Daktari, msichana mdogo, alichuchumaa mbele yake akasema, "Hujambo, baba?" Mwanangu hakujibu, aliachama tu, naye akamtazama jino. Mzee mmoja benchini akasonya: "Watoto wa sasa, hata salamu hawana." Jino lilipong'olewa nilimshika mwanangu mkono, tukapita mbele ya mzee yule, nami sikumwamkia.