Kadi Iliyomtaja Rabia

Jina la shangazi Rabia lilisomwa redioni Jumapili mchana, tukiwa jikoni tunachambua mchele.

"Na salamu hizi zimfikie Rabia binti Hamisi, muuza chai, kando ya barabara kuu, Lembeni."

Ungo ulimtoka shangazi mikononi. Kadi ile ya salamu niliiandika mimi.

Rabia si shangazi wa damu. Alifika kwetu miaka sita iliyopita na begi moja na mkono uliovunjika, akimkimbia mumewe Salimu, mkata mkonge wa huko Korogwe. Salimu alikuwa amemwapia: "Popote utakapokwenda, nitakusikia tu." Tangu hapo anaishi chumba chetu cha mbele, anauza chai na mihogo barazani. Basi likisimama, hutazama kwanza mikono ya wanaoshuka. Salimu hana kidole gumba cha kushoto.

Starehe yake ni salamu za redio. Zamani, mama anasema, Lembeni ilikuwa na klabu ya salamu ya watu arobaini, kila mmoja na jina lake la hewani. Betri zilipoadimika watu walizianika juani, wakazichemsha, mwisho redio zikabaki za kutandikiwa vitambaa, na klabu ikafa. Maduka yalipojaa tena, Mzee Novatus, fundi redio, akaifufua. Tulijitokeza saba. Alikuwa na sharti moja: kadi ya kumkaribisha mwanachama mpya itaje jina kamili na mahali, "nchi ijue tumefufuka!"

Shangazi alijiandikisha kwa jina la hewani tu, Asali ya Nyika. Mimi niliishia darasa la nne, ila mwandiko wangu unasomeka, kwa hiyo kadi nikapewa mimi. Nikaona jina halijatimia, nikalitimiza.

"Shangazi, ni mimi niliyeandika."

Hakunifokea. Alisema tu, "Funga mlango, mwanangu," akalivuta lile begi kutoka chini ya kitanda.

Nikakimbia kwa Mzee Novatus.

"Shikamoo."

"Marahaba. Mbona unahema kama garimoshi la mizigo?"

Nilipomweleza, alizima redio aliyokuwa akiitengeneza. "Kujisifu kwangu huko," akasema. "Redio ikishasema haifutiki. Lakini inaweza kusema tena."

Kesho yake walikuja kwetu watu kumi na tisa, wengine hawakuwa wameandika kadi tangu enzi za foleni za sukari. Wengi ni vibarua wa mashamba ya mkonge waliotoka mbali, kila mtu na kwao.

"Kwenye kadi mwekeni kahamia Kasulu," alisema Beatha. "Mtaa wa kaka yangu naujua hadi kisima chake."

"We Beatha! Mbali hivyo kwa mkupuo mmoja?" alisema Tumainieli. "Mpitishe Dodoma kwanza apumzike miguu."

Walicheka. Shangazi hakucheka. Lakini begi alilirudisha chini ya kitanda.

Wiki mbili kadi hazikusomwa. Shangazi hakutoka chumbani, chai nikauza mimi. Kila honi ya basi nikatazama mikono ya wanaoshuka. Jumapili ya tatu akasalimiwa Rabia binti Hamisi, muuza chai, aliyehamia Dodoma. Ya nne, Kasulu, mara mbili.

Jumanne iliyofuata mwanamume mmoja alishuka, akaagiza chai. Alishika kikombe kwa vidole vinne vya kushoto.

"Hapa si kwa Rabia?"

Niliinama kuchochea moto. Mzee Novatus alikuwa kwenye benchi, anamenya muhogo.

"Yule? Keshahama, bwana. Kwani wewe husikilizi redio?"

"Nasikiliza."

"Basi umesikia mwenyewe aliko."

Aliinywa chai yote, taratibu, huku akiutazama mlango wa chumba. Nyuma ya mlango huo shangazi alikuwa amesimama, hatua tano kutoka kwake. Kisha likaja basi la Arusha, akapanda.

Mpaka leo sijui kama alituamini au amekwenda kuhakikisha. Klabu sasa ina watu thelathini na mmoja, na hakuna Jumapili inayopita Rabia hajasalimiwa mahali. Wiki hii ni zamu yangu. Nimemweka Sumbawanga, kwa jina kamili, na nimeisoma kadi mara tatu kabla ya kuitia sanduku la posta.