Maji ya Kumwoshea Bibi

Mama yangu aliamini kwamba mtu ambaye maiti yake inaoshwa kwa maji ya kuazima hakuwahi kuishi. Alilisema jambo hilo bila ukali, kama mtu anavyosema kwamba muhogo mchungu lazima uanikwe kwanza. Baba yake alifariki katikati ya kiangazi. Majirani wakaja mmoja mmoja, huyu na kopo, yule na nusu ndoo, na mama, akiwa msichana, akawekwa mlangoni kupokea na kushukuru.

"Nilipiga magoti mara nyingi," aliniambia, "hata nikasahau kulia."

Kwetu Newala, ukingoni mwa uwanda wa juu, maji yako chini. Ukisimama mwisho wa kijiji unaliona bonde lote limelala na ukungu wake, mpaka kule mto Ruvuma unakopita, lakini ardhi unayoikanyaga ni mchanga mwekundu usioshika tone. Tulishuka genge alfajiri na madumu matupu, tukapanga foleni kisimani, tukapanda jua likiwa mgongoni. Nimepanda njia ile mara nyingi kiasi kwamba hadi leo nikiota, naota miguu tu: nyayo za mwanamke aliye mbele yangu, zilizopasuka kama udongo wa bondeni wakati wa kiangazi, zikipanda.

Nilipokuwa darasa la saba mwalimu alitupa insha juu ya maana ya maisha. Sikuwa na la kuandika, nikawauliza wanawake wa foleni.

"Maisha ni goti," alisema mmoja, akijipigapiga la kwake. "Siku goti likigoma, maisha yamekwisha."

"Maisha ni kuzaa binti," alisema mwingine.

"Kwa nini binti?"

"Akupokee dumu! Wa kiume atakupokea nini, salamu?"

Walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Nilipofika nyumbani nikamuuliza baba, akajibu bila kuinua kichwa kwenye jembe alilokuwa analitia mpini: "Maisha ni mkorosho. Unapanda wewe, anaokota mwingine." Bibi, mama yake mama, alikuwa ameketi mkekani akimenya ming'oko, vile viazi vya porini. Akasema swali hilo ni la watu walioshiba.

Mama alikuwa anatazama paa letu la nyasi.

Ilikuwa miaka ya soko huria. Redio ilisema kila mtu sasa auze kwa amtakaye, na msimu ule kweli malori ya watu binafsi yalipanda kutoka Masasi kutafuta korosho, madereva wakishuka na kutuamkia kama wakwe. Bei ilikuwa nzuri. Kijiji kizima kikanunua kitu: huyu baiskeli, yule redio ya kaseti, mwingine mke wa pili. Mama alimshika baba mkono mbele ya watu, jambo ambalo sikuwahi kuliona, akamwambia: "Bati na saruji. Kingine chochote, nirudishe kwetu."

"Kwenu ni hapa hapa," baba akasema. "Mimi ndiye niliyekuja kuoa."

"Basi urudi wewe kwenu."

Bati na saruji vikaja na lori lililofuata korosho, nyasi zikashushwa, bati likapanda. Mvua za mwaka ule zilipokwisha, fundi akachimba kisima uani, kirefu kuliko mtu mzima, akakipiga lipu ndani, akakifunika kwa zege na kuacha mdomo wenye mfuniko wa chuma. Mvua ingeanguka juu ya bati, ipite kwenye mfereji, iingie humo. Mama akanunua kufuli, akalitia siku ile ile, wakati kisima hakina hata umande.

"Mama Kufuli," jirani yetu wa upande wa pili alimwita tangu siku hiyo. "Umefungia nini humo? Upepo?"

"Nimeufunga mdomo wako," mama akamjibu, na wote wawili wakacheka. Lakini kufuli likabaki.

Wakati huo bibi alikuwa ameanza kuvimba miguu. Tulimpeleka hospitali ya Ndanda, akalazwa, akarudishwa nyumbani na dawa na maneno ya upole. Sote tulijua. Mama ndiye aliyejua zaidi, kwa maana alianza kuhesabu miezi mpaka msimu wa mvua.

"Utaoshwa kwa maji yako mwenyewe, mama," alimwambia akimkanda miguu. "Hakuna atakayebisha hodi na kopo."

"Mnioshe kwa yoyote," bibi akasema. "Maiti haina kiu."

"Ina aibu."

"Aibu ni yako, mwanangu. Mimi nitakuwa nimelala."

Mama akaondoa mikono. Baadaye nilimkuta nyuma ya nyumba amelisimamia lile zege, akilisugua kwa unyayo, taratibu, kama mtu anayembembeleza mtoto.

Miezi ya kipupwe baba alipuliza salfa, dawa ya unga ya mikorosho. Anayelima korosho ananielewa: bila salfa maua yanashikwa na ugonjwa wa ubwiriunga, yanakuwa meusi, na mwaka mzima umekwenda. Zamani salfa ililetwa kwa mkopo. Sasa ilikuwa ya kununua dukani, na baba aliinunua kwa pesa ya mwisho iliyobaki baada ya bati na saruji. Alikodi mashine, akaibeba mgongoni kabla ya jua, wakati majani yana umande na upepo umelala. Mikorosho yetu inaizunguka nyumba. Vumbi la njano lilipanda katikati ya majani na kushuka popote lilipotaka: kwenye nywele zetu, kwenye muhogo ulioanikwa, juu ya bati jipya. Tulilipangusa machoni na kuendelea na kazi. Salfa kwetu haikuwa uchafu. Ilikuwa dalili kwamba mwaka huu tutakula.

Fundi alikuwa amemwonya mama. "Mvua ya kwanza iache ipite, mama. Geuza mfereji, ioshe bati kwanza."

"Ipite iende wapi? Ikanywe mchanga?" Mama alimtazama kama mtu aliyetukana. "Nimeshuka genge tangu sijavunja ungo. Tone la kwanza ndilo langu."

Nikimhukumu mama leo, namhukumu nikiwa karibu na bomba. Siku ile sikuona kosa lolote. Mvua ilipiga mchana, kubwa, ya ghafla, na mama akatoka katikati yake, kanga imemganda mwilini, akishika mfereji kwa mikono miwili ingawa ulikuwa umefungwa vizuri. Alipiga vigelegele peke yake. Bibi alimsikia akiwa ndani, akaniambia nimfungulie mlango aone. Akatazama muda mrefu, kisha akasema: "Msichana wangu huyo."

Kesho yake mama alifungua kufuli. Harufu ndiyo iliyotangulia kutoka: kiberiti, kana kwamba maelfu ya njiti yamewashwa humo chini. Juu ya maji kulikuwa na utando wa njano, mzito, tulivu. Mama akauengua kwa kopo. Chini ya utando maji yenyewe yalikuwa ya njano. Akafunga.

"Mvua ya pili itayachanganya," akasema.

Mvua ya pili haikuja. Mawingu yalikaa mbali, upande wa bonde, na jua likarudi kama lililosahau kitu. Wiki ya pili bibi akafa, asubuhi, akiwa ameshika kidole changu.

Wanawake wakaja. Mwoshaji alikuwa mtu mzima aliyewaosha karibu wanawake wote waliokuwa makaburini. Mama alikuwa tayari amechota ndoo tatu, akazichuja kwa kanga, akachuja tena, na kuziweka mlangoni mwa chumba alimolazwa bibi. Mwoshaji akachovya mkono, akaunusa.

"Haya nini, mwanangu?"

"Maji ya mama yangu."

"Yamebadilika rangi. Yamebadilika harufu. Hayamtoharishi mtu."

"Ni mvua ya Mungu, shangazi."

"Ilikuwa ya Mungu. Ilipopita juu ya bati lenu ikawa ya mikorosho."

Hakuna aliyecheka. Jirani yule aliyemwita mama Mama Kufuli alikuwa amesimama uani, na ndoo yake kichwani. Nyuma yake alikuwepo mwingine, na mwingine. Walikuwa wamechota alfajiri kwa ajili ya nyumba zao, na kila mmoja alikuwa amelipanda genge na maji hayo. Jirani akaishusha ndoo, akaiweka mlangoni. Nilimtazama mama. Nilitaka akatae. Nilitaka apige kelele, amwage zote, kwa sababu nilikuwa na miaka kumi na minne na nilidhani heshima ni kukataa.

Mama akapiga magoti. Akashukuru, mmoja mmoja, mpaka wa mwisho.

Watu wengi wamenieleza tangu hapo kwamba yale maji ya majirani ndiyo yaliyoonyesha kwamba bibi aliishi. Huenda. Mama hakuona hivyo, na mimi siwezi kumsemea faraja ambayo hakuipata. Kwetu chombo kilicholeta kitu hakirudi kitupu, na siku ya tatu tulipozirudisha ndoo nyumba kwa nyumba, ghala lilikuwa limebaki vumbi. Zilirudi tupu.

Mwaka uliofuata malori yalikuja machache, na bei ikaanguka. Baba hakuweza kununua salfa. Maua ya mikorosho yakawa meusi, yakadondoka kama majivu. Na kwa kuwa hakukuwa na salfa, bati lilikuwa safi, na mvua ilipofika, kisima, tulichokwisha kukikomba na kukisugua, kilijaa mpaka mdomoni maji matamu yasiyo na rangi.

Mama alichota kopo moja, akanipa. Nikanywa. Kisha akaketi juu ya zege, mfuniko ukiwa wazi pembeni yake, na baba akatoka ndani kumuuliza leo tunapika nini.

"Maji yapo," mama akasema.