Kabla Hujalipia Mtihani wa Cheti Kingine

Ipo siku moja ya ujana wangu ambayo hainitoki, mwanangu, na tangu uliponiuliza usomee cheti gani baada ya hiki chako cha ufundi wa kompyuta, imekuwa ikinijia kila nikitulia. Kaa nikusimulie.

Wakati huo nilikuwa fundi kwenye duka la Mzee Bukuru, hapa hapa Mpanda, jirani na soko. Mzee alikulia Katumba, kwenye makazi ya wakimbizi, wazazi wake walitoka Burundi, na kabla ya kompyuta alikuwa fundi redio. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi. Cheti cha kwanza, cha kutengeneza mashine, nilikuwa nacho, na mkono wangu ulikuwa mzuri, sioni aibu kusema. Laptopu iliyomwagikiwa chai, kompyuta iliyogoma kuwaka, zote zilipita mezani kwangu zikaondoka nzima.

Nikataka cheti cha pili. Kwenye kundi letu la mafundi kila mtu alikuwa akitaja usalama wa mtandao, yaani kuzuia wezi wa taarifa. Rafiki yangu Dorothea alikuwa ameshaanza kuusomea. Akiba yangu ilitosha mtihani mmoja tu, ya kurudia sikuwa nayo. Nikaamua na mimi nitafanya huohuo. Ungeniuliza kwa nini, nisingekuwa na la kusema zaidi ya kwamba jina lake lilisikika vizuri.

Wiki hiyohiyo nikaitwa kwenye zahanati moja kule Usevya. Msimamizi wake, Sista Benedikta, alinipokea mlangoni.

"Karibu, fundi. Mashine zinawaka vizuri, ila ya daktari haipati kitu kutoka ya maabara."

Nikazifungua moja moja, nikafuta vumbi, nikapima. Zote nzima. Nikachomoa nyaya, nikachomeka tena. Hakuna kitu. Kwenye benchi akina mama walikuwa wakingoja, wengine wameacha mpunga shambani, na majibu ya vipimo vyao yalikuwa yamekwama humo ndani.

"Sista," nikamwambia mwishowe, "mashine zako hazina ugonjwa. Tatizo liko katikati yao, na hapo katikati mimi sipajui."

Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Aliwageukia wale akina mama akawaomba warudi siku nyingine. Mmoja wao, mjamzito aliyekaribia siku zake, alisimama polepole, akafunga khanga yake vizuri, akaondoka.

Niliporudi Mpanda sikumweleza Mzee Bukuru chochote. Nilimwambia tu kwamba kesho yake naenda kulipia mtihani wa usalama. Nilijua atanipinga, maana macho yake yalikuwa yameanza kuchoka na alitaka nibaki na duka. Lakini habari ya duka hakuigusa kabisa.

"Usalama wa nani?" akaniuliza.

"Wa mtandao, Mzee. Ndiyo soko la sasa."

"Soko la wapi? Tangu uje hapa, nani amekuambia ameibiwa taarifa zake, ukashindwa kumsaidia?"

Nikatikisa kichwa.

"Haya. Na nani umeshindwa kumsaidia?"

Hapo nikamsimulia ya Usevya, na nilipofika kwa yule mama mjamzito, machozi yakanitoka. Mzee akaweka chini alichokuwa akikitengeneza, akaniambia kwa ukali ambao sikuwahi kuusikia kwake: "Unalia kwa ajili ya kazi moja, halafu unakwenda kulipia nyingine! Binti, nani anakuchagulia?"

Nilikasirika, mwanangu. Nikasema moyoni, mzee wa redio huyu anajua nini? Nikanuna siku kadhaa. Hasira ilipoisha, nikaenda kulipia mtihani wa kuunganisha kompyuta, ule ambao kwenye kundi hakuna aliyekuwa akiutaja.

Haukuwa rahisi. Kiingereza cha vile vitabu kilinitesa. Mzee akanipa kompyuta kuukuu zilizoachwa na wateja, tukazifufua na kuzifunga nyaya palepale dukani, nikawa naharibu na kutengeneza mpaka nikaelewa. Nikafaulu, kwa shida.

Usevya hawakunisubiri, na ilikuwa haki yao. Walishamwita fundi kutoka Sumbawanga. Nilisononeka. Baadaye, shule moja ya Magamba ikaniita, chumba cha kompyuta kinawasumbua. Safari hii sikufungua mashine hata moja. Nilifuata njia ya mawasiliano kidogo kidogo, nikakuta kompyuta mbili zimepewa anwani moja, yaani namba ileile ya kuzitambulisha, ikawa moja ikiingia, nyingine inatupwa nje. Nikabadilisha anwani ya moja. Wanafunzi walipiga kelele za furaha, mimi nikatoka nje, nikakaa kwenye ngazi, nikacheka peke yangu.

Nilipomweleza Mzee, alisema, "Sasa hicho cheti ni chako. Mpaka jana kilikuwa cha waliokichapisha."

Na Dorothea usimwone mjinga. Yeye alikuwa akihudumia chama cha akiba ambacho watu walikuwa wakichezea akaunti za wanachama, na jambo hilo lilimnyima raha. Leo yuko benki, Mbeya, na anaipenda kazi yake. Mimi ningekuwa nimemfuata tu.

Kwa hiyo nakuambia hivi. Kabla hujalipia, zikumbuke kazi zilizokushinda, ukamrudisha mtu na shida yake. Ile inayokuja mara kwa mara, ile inayokunyima amani, hiyo ndiyo ukaisomee, iwe ni mitandao, iwe usalama, iwe kitu ambacho nyie vijana mmekianza juzi nami sikijui. Kama unataka kuhamia mji mwingine, nenda, ila uongee kwanza na watu wa huko ujue wanakwama wapi. Soma ukiwa na vifaa mkononi. Na anayekupenda akikukemea, kasirika, nimekuruhusu, lakini usimjibu siku hiyohiyo.

Mungu akujalie macho ya kuona kinachomsumbua mtu aliyesimama mbele yako, na subira ya kukaa nacho mpaka kitatuliwe. Aibariki mikono yako, mwanangu, na kila mlango utakaougonga na begi lako la vifaa, wenye nyumba wafurahi kukuona.