Walikula kwa Mkono Wake, Sasa Wanalikataa Jina Lake

Mwanza, Agosti 1997

Kwako mama wa ukurasa huu, na wasomaji wote,

Shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na mmoja, nimeolewa, nina watoto wawili, nakaa Mkuyuni. Shule niliishia darasa la saba, mtanisamehe nikikosea. Jina langu naomba ulifiche. La marehemu mdogo wangu usilifiche. Aliitwa Minza.

Minza aliugua utotoni, miguu ikakosa nguvu. Alitembea kwa mikono, viganjani amevaa viatu vya tairi. Wazazi wetu walipofariki nilimleta kwangu. Mume wangu alikubali, ingawa mama yake alituma salamu kutoka Usagara kuuliza kama nyumba yetu imekuwa misheni.

Kisha kiwanda cha nguo alichofanyia kazi mume wangu kikaanza kupunguza watu. Minza ndiye aliyejua kwanza. Kwa kuwa alikaa chini, aliwajua watu kwa hatua zao. Jioni moja aliniambia, "Dada, shemeji hana kazi tena. Sikiliza anavyovuta viatu." Mume wangu mwenyewe alikuja kunieleza baadaye sana.

Wakati huo viwanda vya samaki vilikuwa vimefunguliwa. Minofu ya sangara ilipanda ndege kwenda Ulaya, sisi tukabaki na mapanki, yaani vichwa na mifupa yenye nyama kidogo. Minza akaniomba nimletee hayo. Akaketi mlangoni na karai lake, akakaanga. Alidondosha unga kidogo kwenye mafuta, akatega sikio, akajua kama yamechemka. Vijana wa gereji walimtania, "Minza, simama basi tuone urefu wako." Naye, bila kuinua macho: "Nikisimama mtatazama miguu, samaki wangu atanunua nani?" Walicheka, wakanunua.

Karai lile lilitulisha wote. Lilimvalisha sare Masanja, mwanangu wa kwanza. Mama mkwe alipokuja kutibiwa macho alikaa kwetu msimu mzima, na Minza ndiye aliyemchambulia samaki ili mfupa usimkwame kooni. Lakini wageni wakija, mume wangu aliniomba kwa upole nimsogeze Minza chumba cha nyuma. Akiulizwa yule ni nani, alijibu, "Ni mgonjwa wetu, tunamsaidia." Minza alisikia. Kesho yake aliwasha moto kama kawaida.

Masika iliyopita homa ilimchukua. Nilikuwa mjamzito. Mume wangu alikwenda kwa seremala kuagiza jeneza, akaonyesha kimo kwa mkono, hapa, chini ya kifua chake. Ndivyo alivyomwona siku zote. Jeneza lilipofika, halikumtosha. Tulipomlaza na kumnyoosha, miguu yake myembamba ilikuwa mirefu, Minza alinipita hata mimi. Mzee mmoja wa ukoo wa mume wangu akasema tumkunje tu, mbona alishazoea. Nikasema, "Hapana. Msimkunje tena."

Waombolezaji walikaa juani mpaka seremala akaleta jingine. Mbele ya lile fupi nikatamka kwamba nikijifungua mtoto wa kike ataitwa Minza. Mume wangu aliinamisha kichwa. Nilidhani amekubali.

Mtoto amezaliwa, ni wa kike. Kwetu Wasukuma kumpa mtoto jina la marehemu ni heshima, ni kumrudisha mtu nyumbani. Mama mkwe amekataa. Hakuongea kwa ukali, alikuwa amempakata mjukuu wake. "Mwanangu, sina chuki naye. Nimekula kwa mkono wake. Lakini jina haliji peke yake, linakuja na mwili wake. Unataka na huyu atambae?" Nilimweleza kwamba yale yalikuwa maradhi, hata zahanati walisema. Akajibu kuwa majina ya watu wazima wa viungo yapo mengi.

Juzi mume wangu naye akaniambia, "Mama Masanja, mwezi ujao mtoto anabatizwa jina la bibi yangu. Ukishikilia la yule, nenda naye kwenu."

La yule. Hata kulitaja hakulitaja. Na kwetu hakuna mtu. Kwetu kulikuwa ni Minza.

Si mume mbaya, hajawahi kuninyanyulia mkono. Nikikubali, nyumba itatulia, na mdogo wangu atakuwa amesogezwa chumba cha nyuma mara ya pili. Nikikataa, nitatoka na huyu kichanga, Masanja atabaki kwao. Nikiwa peke yangu namnyonyesha, humwita Minza kwa sauti ndogo. Huacha kunyonya, akanitazama.

Ninyi mliowahi kuwa na ndugu kama wangu, niambieni, nishike lipi? Na kama hamna la kuniambia, nawaomba jambo moja tu. Mkumbukeni Minza wa Mkuyuni. Alikuwa mrefu.