Tulifundishwa kuwapokea vizuri wagonjwa wa zinaa, wakaja, dawa ikawa hakuna: yaliyompata Somoe

Wakuu, poleni na mihangaiko.

Kuna jambo limenikaa kifuani, nimeona niliandike kama lilivyokuwa. Nilichobadili ni majina tu. Kijiji sikitaji. Wanaoishi huku Mtwara, upande wa mdomo wa Ruvuma, wanaweza kukijua, naomba wasikitaje pia.

Mimi ni tabibu wa zahanati. Kwetu Njombe, ajira ndiyo iliyonileta huku kwenye korosho na mihogo.

Nafanya kazi na muuguzi mmoja, tumwite Sista Hawa. Mzaliwa wa hukuhuku, mama mtu mzima, mchapakazi kwelikweli. Ila mdomo sasa!

Kijana akija na tatizo la huko chini, Sista anamuuliza kwa sauti ya kusikika mpaka kwa akina mama wanaopima watoto uzito nje: "Umeutoa wapi huo?"

Benchi zima linageuka.

Matokeo yake watu hawakuja. Walinunua vidonge dukani, dozi nusu, au walikaa na ugonjwa wao kimya.

Ndipo tukaitwa semina mjini, ukumbi mmoja pale Chuno. Mada ilikuwa huduma za afya ya uzazi na magonjwa ya zinaa kwa sisi wa ngazi ya chini. Mkufunzi alikuwa daktari mmoja, mama mpole, haongei sana.

Alimwita Sista Hawa akae kwenye kiti mbele yetu sote. Akamwambia, "Leo wewe ndiye mgonjwa. Unatokwa na usaha na unawashwa. Jieleze."

Tukacheka. Sista naye akacheka. Alipotaka kusema, maneno yakagoma. Akainama, akawa anavuta vuta ncha ya mtandio.

Tukiwa njiani kurudi akaniambia, "Tabibu, kumbe ndivyo wanavyojisikia."

Wale mnaosema semina ni posho tu, kwa hii mnanisamehe. Ilitubadilisha.

Tulihamisha maboksi kwenye chumba cha stoo, tukakifanya chumba cha kuongelea na mgonjwa mmoja mmoja, mlango umefungwa. Sista akashusha sauti mpaka nikawa namshangaa. Habari zikasambaa. Wakaanza kuja vijana wa bodaboda, wake za watu, hadi watu wazima wenye heshima zao.

Somoe alikuja kipindi hicho.

Binti mdogo tu, ameolewa, mimba yake ya kwanza na imeshakua. Alikuwa hajahudhuria kliniki hata mara moja kwa sababu ya kumwogopa Sista. Alisema wazi, "Nimesikia siku hizi hagombi."

Tukampima. Kaswende ikaonekana.

Sista alimweleza taratibu, mkono begani. Kwamba ugonjwa huu unampata mtoto tumboni. Kwamba unatibika kwa sindano ya penisilini, na mumewe naye lazima achomwe. Somoe alilia kidogo, akajifuta, akasema, "Basi nichomeni."

Wakuu, sindano hiyo hatukuwa nayo.

Tulikuwa tumeagiza, haijaletwa. Wagonjwa tuliowavuta kwa ule upole wetu walikuwa wameimaliza. Nikapiga simu zahanati za jirani, nako hakuna. Hospitali ya mjini ndiko ilikopatikana.

Nikamwandikia rufaa. Kwa ruhusa yake nikamwita mumewe, Bakari, kijana mpole anayelima korosho. Nikamweleza yote mbele ya mkewe.

"Mpeleke kesho," nikamwambia. "Hili si la kungoja. Mtoto anaweza kufa."

"Sawa tabibu. Nitampeleka."

Hakumpeleka.

Nikimkuta njiani ananiambia korosho zinaokotwa sasa hivi, zikinyeshewa zimeharibika. Nikambana, ndipo akasema ukweli: "Tabibu, pale hospitali kuna shangazi yangu anafanya usafi. Nikionekana kwenye foleni ile, kijiji kizima kitajua. Watu watasema mke wangu malaya, au mimi."

Nikamwambia mle ndani hakuna anayetangaziwa ugonjwa. Akanitazama kama mtu anayesikiliza habari za nchi nyingine. Na alikuwa na sababu, kwa hali aliyoizoea kwetu sisi wenyewe.

Somoe akataka kwenda peke yake, mama mkwe akamzuia: mimba kubwa hivyo unakwenda mjini kufanya nini? Na ukweli hakuweza kumwambia.

Mwishowe Sista Hawa alikwenda pale nyumbani mwenyewe. Akasema amekuja kumchukua binti kwa ajili ya vipimo vya mimba, basi. Mama mkwe akakubali. Wakapanga kuondoka kesho yake.

Asubuhi hiyo Somoe aliletwa zahanati na uchungu. Siku zake hazijatimia.

Mtoto alizaliwa amekufa. Wa kiume. Ngozi inachubuka. Sitaeleza zaidi.

Sista ndiye aliyemfunga kwenye kanga. Somoe akamwangalia, akaniuliza mimi, "Si mlisema unatibika?"

"Unatibika," nikasema.



Dawa ilikuja baadaye. Tukawachoma wote wawili, kila mtu kwa wakati wake, kwa sababu hawakutaka kuingia pamoja.

Yule mkufunzi alipokuja kutukagua, alikifurahia sana chumba chetu. Sista Hawa akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza, "Daktari, nikimwambia mgonjwa kwa upole kwamba dawa hakuna, hiyo nayo ni huduma bora?"

Yule mama hakujitetea. Alitusaidia kuziunganisha zahanati za huku tuwe tunaazimana dawa, na sindano chache tuziweke akiba, tusiziguse ila kwa wajawazito. Imesaidia. Lakini bado kuna wiki zinapita kabati tupu.

Somoe amerudi kwao. Sidhani kama atarudi kwa mumewe.

Nililojifunza ni hili: kumfundisha mhudumu apokee watu vizuri ni jambo kubwa, ila mtu akishakuamini akakufungukia, halafu ukamrudisha mikono mitupu, umemuumiza kuliko yule aliyemfokea. Semina na dawa vije pamoja.

Mlio zahanati za pembezoni, kwenu dawa ikikata mnafanyaje? Na sisi wanaume, tukiambiwa tumpeleke mke hospitali, tunaogopa macho ya nani hasa? Semeni, nasoma maoni yote.

Ila matusi kwa Bakari naomba muyaache. Lile kaburi dogo alilichimba mwenyewe, na kila aliyetaka kumpokea jembe alimkatalia.