Mgonga Mwamba

Kazi yake ilikuwa kugonga dari. Baruti zikishalipuka na moshi kupungua, yeye ndiye aliyetangulia kuingia kwenye handaki, peke yake, na mtarimbo mrefu kuliko kimo chake. Alikwenda akigonga mwamba wa juu, wenzake wakimsubiri nyuma. Mwamba mzima hulia mkavu, kama chuma juu ya chuma. Ulioachana kwa ndani, hata kama machoni unaonekana salama, hutoa sauti iliyoziba, kama mtungi wenye ufa. Akiisikia hiyo husimama kando, akauchokonoa mpaka uanguke. Wenzake walimwita Daktari, kwa vile madaktari nao hugonga vifua vya watu, na waliongeza kwamba wagonjwa wake wote ni wazee kuliko babu yake.

Kuhusu uzee huo walikuwa wamesikia kwenye kikao cha usalama. Mtaalamu wa miamba wa mgodi, dada mpole aliyezungumza huku akisugua jiwe kwa kidole gumba, aliwaeleza kwamba ganda la dunia si kitu kimoja. Ni mabamba makubwa yanayosogea, polepole kama ukucha unavyokua. Kingo zake zilizopoa na kuwa nzito huzama huko mbali chini ya bahari, na zikizama huvuta bamba zima nyuma yake. Kwingine mwamba wa moto hupanda kutoka chini, mabamba yakaachana na kusukumana. Hapa walipo, alisema, kabla hakijakuwapo kiumbe chochote chenye mfupa, mabamba mawili yaligongana yakashikana. Akapitisha jiwe mkono kwa mkono. Lilikuwa na mistari iliyojikunja kama shuka lililosukumiwa ukutani.

Mmoja wao akauliza kama kusukumwa huko kumekwisha. Dada yule alifikiri kwanza. Akasema kule kwa zamani kumekwisha, lakini bamba bado linavutwa na kusukumwa kutoka kingoni, na nguvu hiyo inapita ndani ya mwamba huu hata sasa. Umebanwa pande zote, umetulia kwa sababu hauna pa kwenda. Handaki ndilo linaloupa pa kwenda.

Watu wakacheka, maana asiyecheka huko hawezi kuingia kwenye lifti kesho yake. Daktari hakucheka. Alikuwa amekwisha kuona njia walizochimba zikiwa duara sasa zimebonyea, sakafu zimeinuka katikati kama mkate unaoumuka, nguzo za chuma zimepinda kama magoti ya mtu aliyebeba mzigo. Tangu siku ile, kila alipoingia, alihisi kama anaingia baina ya viganja viwili.

Kisha masikio yake yakaanza kumwacha. Miaka ya baruti ilikuwa imelila la kushoto, na la kulia likafuata. Aliyegundua ni mkewe. Jioni moja alisimama nyuma ya mumewe aliyekuwa akifunga viatu, akasema jambo kwa sauti ya kawaida, akangoja. Halafu akazunguka mbele yake.

"Nimekwambia nimekutafutia mke wa pili, hukugeuka. Mwanamume gani hageuki?"

Alicheka. Mkewe hakucheka naye.

"Baba watoto, nani anaingia nyuma yako ukishagonga?"

Jibu alilijua. Aliyeingia wa kwanza nyuma yake, zamu zote, ni shemeji yake, mdogo wa kiume wa mkewe, mtoto wa mwisho wa mama yao, ambaye mkewe mwenyewe alimbeba mgongoni. Mke alimwambia mumewe akaseme kazini. Naye akaahidi kwamba kesho yake atasema.

Kesho hiyo ilipita, na nyingine nyingi. Kilichomfunga mdomo ni swali ambalo alijua atalikuta likimngoja: tangu lini? Akijibu, itabidi akumbuke kila dari aliyoisema ni nzima, na watu walioketi chini yake kula. Basi akawa anagonga mara mbili pale alipozoea kugonga mara moja, akikaza sikio la kulia, jasho likimtiririka. Kitisho kilikuwa kwamba hakujua tena kama ukimya ule ni wa mwamba au ni wake.

Siku moja, kwenye handaki la chini kabisa, aligonga na kuona kama umelia vizuri. Akainua mkono kuwaita wenzake. Shemeji yake akaanza kuja, akipiga mluzi; Daktari aliujua kwa kuona midomo yake imechongoka. Daktari akaukunja ule mkono ukawa wa kumzuia.

"Shemeji, simama hapo. Sikiliza."

"Leo Daktari anataka daktari?"

Akagonga. Midomo ya shemeji ikalegea.

"Imeziba hiyo."

"Mimi nimeisikia nzima," alisema Daktari. "Shemeji, sisikii. Masikio yamekufa."

Walirudi nyuma. Shemeji akauchukua mtarimbo mikononi mwake, akachokonoa kwa mbali, na kipande kipana kama kitanda kikaja chini. Walikaa ndani ya vumbi bila kuonana. Swali lilipokuja lilitoka kwa shemeji, karibu na sikio la kulia, naye akajibu kweli: hajui ni tangu lini.

Msimamizi hakugomba. Alimpeleka juu, kwenye chumba cha taa, kugawa taa za kofia na kuzipokea. Mtarimbo akampa shemeji, ambaye sikio lake lilikuwa limejulikana mbele ya wote.

Mkewe alipoelezwa alikuwa akifuta meza. Aliendelea kufuta mahali pale pale.

"Nilikutuma umtoe nyuma," alisema, "umemweka mbele."

Sasa Daktari hushinda juu ya ardhi na hofu yake iko chini. Mchana mmoja benchi lilitetemeka chini ya mapaja yake, na taa zikagongana kwenye kulabu bila yeye kusikia kitu. Alitoka akamshika mlinzi bega, akamuuliza kama king'ora kimelia. Mlinzi akatikisa kichwa kwamba hakijalia. Akasimama kuitazama kamba ya lifti, imekaza, haisogei. Ilikaa hivyo mpaka miguu ikamfa ganzi. Ilipoanza kupanda, aliwahesabu watu kwa macho na shemeji alikuwamo, uso mweupe kwa vumbi, pamoja na wote walioshuka naye.

Shemeji alimkabidhi taa. Akainama kwenye sikio la kulia.

"Nilisikia kitu, shemeji. Nikagonga tena. Sikuwa na hakika."

Daktari akaifuta ile taa, akaichomeka ipate chaji kwa ajili ya zamu ya kesho.