Anyesi na Karata ya Zamu ya Maji

Mwaka ule reli ya Wajerumani ilipofika Dodoma, kiangazi kilikuwa kikali hata kisima cha mchangani, kule upande wa Haneti, kikawa kinatosha makundi mawili tu kwa siku. Wa kwanza ananywesha maji. Wa pili ananywesha tope. Anyesi, mjane mwenye mtamba mmoja na mbuzi wachache, na shemeji yake Matonya, kaka wa marehemu mumewe, walichoka kugombana, wakakubaliana zamu iamuliwe kwa karata. Aliyewaachia karata ni Yahaya, mnunuzi wa maziwa kutoka mjini, na ndiye aliyewafundisha: kila mtu karata moja, mwenzake asiione. Ukiacha, leo unanywesha wa pili. Ukishikilia, dau linapanda, zamu ya kwanza kwa siku mbili, siku tano, mpaka mmoja aache au karata zifunuliwe. Kubwa inashinda.

Mwezi mzima Anyesi alinywesha tope. Matonya alikuwa mwongo wa kuzaliwa, jamani. Akiwa na karata mbaya anacheka. Akiwa na nzuri anacheka vilevile.

"Shemeji, rudi ukasonge ugali."

"Ugali wangu umeshaiva, shemeji. Gawa."

Anyesi hakukata tamaa. Alidhani siri iko machoni mwa Matonya, akashindwa. Akadhani iko vidoleni, akashindwa tena. Siku moja, amechoka kumtazama bwana yule, akamtazama ng'ombe mwekundu wa Matonya anayeongoza kundi. Ng'ombe akasimamisha masikio, akapiga hatua kuelekea kisimani. Matonya akafunua kumi.

Wafugaji huwapigia ng'ombe mluzi ili wanywe, na jambo ulilolizoea tangu utotoni hukutoka bila kujua. Matonya akiona karata ya kushinda, mluzi ulimponyoka midomoni, mwembamba mno. Sikio la mtu haliupati. La ng'ombe linaupata.

Anyesi hakuharakisha. Mara tisa alihakikisha kwamba masikio yakilala karata ya Matonya ni ya chini kabisa, mara nyingine akashindwa kwa makusudi, na kila mara akafunga fundo kwenye kamba ya kibuyu chake.

Siku ya kumi mtamba wake hakuweza kusimama mpaka alipoinuliwa kwa mkia. Tope halingemfikisha kwenye mvua. Na karata aliyoipata Anyesi ilikuwa nne ya kopa, karata ya kutupa.

"Siku tano," Matonya akasema, anacheka.

"Kumi."

"Loo! Shemeji leo ana mfalme? Basi zamu zote, mpaka mvua inyeshe."

Nne ile mkononi ilimwambia Anyesi aache. Akamtazama mwekundu. Masikio yamelala, anacheua zake.

"Mpaka mvua inyeshe. Funua."

Kicheko kikakatika. Matonya akafunua tatu ya uru.

"Nne!" Matonya aliruka alipoiona ya mwenzake. "Umeshikilia kwa nne! Nani kakwambia?"

Anyesi alikuwa ameshaanza kuteka, mtamba wake ameinamia hori la udongo, anakunywa bila kupumua.

"Mlete yule mwekundu anywe na wangu," akasema.

"Mwekundu? Kwa nini yeye?"

"Nampenda tu, shemeji."